K zilipoisha: herufi za risasi, kanga, na siri isiyo siri

Kabla hujaendelea kusoma, hebu chukua kalamu. Andika methali yoyote inayokujia kichwani, kisha hesabu herufi zake moja moja. Mimi nilianza na "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Ina herufi 27: a ziko 5, i ziko 5, k ziko 4, na e ni 2 tu. Weka karatasi yako pembeni, tutairudia.

Sababu ya kukusumbua ni kijana mmoja wa Mbezi Luis anayesomea ubunifu wa michoro. Sitamtaja jina. Mwezi ujao anatetea kazi yake ya mwisho chuoni, na aliniomba nikaitazame halafu niandike ninachofikiri, "bila kunipaka mafuta, kaka". Basi nilipanda gari mpaka Stendi ya Magufuli, nikachukua bodaboda hadi kwao. Kazi zimetundikwa kwenye chumba cha uani, kwa vibanio vya nguo. Ni mabango kumi na moja, yote yamechapwa kwa herufi za risasi, moja moja kwa mkono. Wazo lake kuu ni hili: kila bango limepangwa kama kanga, lina pindo, lina mji katikati, na mahali pa jina la kanga pana maandishi. Ila katika mabango tisa maandishi hayo si herufi, ni vialama vya mapambo: nyota, majani, duara, vishale. Kila herufi ya alfabeti amepewa alama yake. Anaita "lugha ya siri ya kanga".

Nianze na mashine, kwa sababu hapo ndipo nilipovutika kuliko nilivyotarajia. Ni mashine ndogo ya mkono, ya kuchapia kadi. Aliinunua pamoja na makasha ya herufi kutoka kwa mzee wa Gerezani aliyekuwa akichapa kadi za harusi na vitabu vya risiti, hadi kompyuta zilipomaliza biashara. Herufi yenyewe ni kijiti cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Risasi peke yake ni laini mno, antimoni ndiyo inayoipa ugumu. Kichwani kuna umbo la herufi limegeuzwa kama kwenye kioo. Urefu wa kila kijiti, katika vipimo vya Uingereza na Marekani, ni kama milimita 23.3, na lazima vyote vilingane. Kimoja kikiwa kifupi kidogo tu, wino hauifikii karatasi vizuri na herufi inatoka imepauka.

Sasa angalia hiki. Nilizimwaga herufi ndogo kwenye sinia, nikazishika moja moja kwenye mwanga. A zimelika. K zimelika, nyingine pembe zake zimekuwa butu kabisa. Q na x zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Yaani miaka yote ya "mnakaribishwa" na "kwa heshima na taadhima" imebaki kwenye risasi. Mimi natakiwa kuandika programu ya kompyuta ili nipate takwimu kama hiyo. Mzee wa Gerezani aliipata bure, kwa kuchapa kadi tu.

Wapiga chapa walijua hesabu ya herufi kabla ya wanasayansi wa mawasiliano. Kuna orodha maarufu inayohusishwa na Samuel Morse, yule wa telegrafu. Ilibidi ijulikane ni herufi zipi zipewe alama fupi, na jibu lilikuwa tayari ndani ya kasha la mpiga chapa: hesabu vijiti. Katika orodha hiyo ya Kiingereza, e ni 12,000, t ni 9,000, a ni 8,000. Ukishuka chini kabisa unakuta k 800, q 500, x 400, z 200. Nimejumlisha zote, nikapata 106,400. K haifiki hata asilimia moja.

Rudi kwenye karatasi yako. Kwenye methali yangu k ni 4 kati ya 27, karibu asilimia 15. Nakubali, sentensi moja si sampuli, na hii nimeichagua inisaidie. Lakini wewe mwenyewe jaribu kuandika Kiswahili bila ku-, ki-, -ka-, kwa, kama, katika, yake na wake. Utaishia kunyamaza. Kwa hiyo atakayepanga Kiswahili kwa seti iliyopimwa kwa Kiingereza atabaki na e za kumwaga huku k na a zimekwisha katikati ya mstari. Edward Steere aliyefika Unguja 1864 na Misheni ya Vyuo Vikuu, akawafundisha vijana kazi ya chapa, ni mmoja wa waliozoesha watu kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na tahajia iliyoshinda ni hii ya k. C tukaiacha iende na h tu.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa mabango tisa ya siri.

Nililikalia la kwanza na penseli, na kwa chini ya nusu saa lilikuwa limefunguka. Sisemi hivyo kujisifu. Al-Kindi, aliyekuwa Baghdad karne ya 9, alishaeleza jinsi ya kufungua maandishi ya namna hii: hesabu alama, tafuta inayojirudia kuliko zote, ilinganishe na herufi inayojirudia kuliko zote katika lugha. Kwa Kiswahili huhitaji hata kuhesabu sana, kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Alama zilizo mwisho wa maneno ni zile tano, basi. Nusu ya mlango imeshafunguka.

Ona lilivyokwenda. Bango lilikuwa na maneno matano. La kwanza lina alama nane, na katikati yake alama moja, nyota, imefuatana mara mbili. Alama mbili zinazofanana zikikaa pamoja ndani ya neno la Kiswahili, karibu kila mara ni irabu. Nyota hiyohiyo ndiyo inayoanza neno. Neno la pili lina alama tatu na linaishia na nyota. Nikasema nyota ni a. Neno la tatu na la tano yote yanamalizika na alama tatu zilezile, jani, duara, jani, na ile duara ndiyo inayoanza neno la pili. Jani liko mwishoni, kwa hiyo ni irabu. Nikajaribu k kwa duara na i kwa jani: neno la tano likawa kitu-a-kitu-iki. Rafiki! Neno la pili likawa k-kitu-a, yaani kwa. Neno la kwanza sasa lina a, k, f, aa, na mwishoni irabu ambayo bado. Akufaaye. Zilizobaki zilijisema zenyewe. Ndiyo, ni methali ileile niliyokupa mwanzoni; wewe uliipata bure.

Mbunifu akiniambia hii ni michezo ya macho, sina ugomvi. Majani na nyota zimepangwa vizuri, na mabango ya bluu na nyeusi yanapendeza hata kama huelewi kitu. Ugomvi wangu uko kwenye karatasi ya maelezo iliyobandikwa mlangoni. Imeandikwa kwamba lugha hii inaweza kuwapa wanawake njia ya kuwasiliana "kwa usalama" mahali ambapo hawawezi kusema. Hapo nilikunja uso. Msimbo dhaifu ni afadhali usiwepo kabisa, kwa sababu asiye na msimbo anachunga ulimi, na mwenye msimbo dhaifu anaandika kila kitu. Binti akiandika kwa nyota na majani kwamba anapanga kuondoka kwa mume anayempiga, mume huyo akiwa na penseli na jioni moja ya bure ameshajua. Mstari ule uondolewe kabla ya siku ya utetezi. Nimemwambia mdomoni, naandika tena hapa.

Halafu kuna kosa la pili, na hili linanisikitisha zaidi maana kijana amelelewa kwenye kanga kama sisi sote. Anadhani nguvu ya kanga ni kuficha maneno. Kanga haifichi! Tangu kanga zenye maandishi zilipoenea, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kilatini, maneno yamewekwa mahali pa wazi kabisa, kwa herufi kubwa, mwilini mwa mtu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887 na ambalo kanga zake zilijulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", halikuuza mafumbo ya alama. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, hakikuchapa misimbo. Kila ajuaye kusoma anasoma.

Siri iko wapi basi? Iko kwenye nani amevaa, siku gani, amepita mbele ya mlango wa nani. Jirani akikuuliza "ile ilikuwa yangu?" unamjibu "jamani, mimi nimevaa nguo tu". Mtafiti Rose Marie Beck, aliyechunguza mawasiliano ya kanga kwa undani, ameutilia mkazo utata huu: ujumbe umetumwa na haujatumwa. Kwa lugha ya somo langu, anayetaka kufungua fumbo la kanga hawezi kuhesabu herufi, kwa sababu fumbo halimo kwenye herufi. Hata ukimpa Al-Kindi kanga elfu moja na kompyuta, atakwambia kilichoandikwa, hatakwambia nani ameambiwa. Hiyo ni kinga ya kweli, na ni kinga ya kukana. Kwa mabango tisa kijana ameivua, akavaa kufuli la plastiki.

Bango la kumi ni ajali, na ndilo lililonirudisha kwenye kiti. Alitaka kuchapa "kikulacho ki nguoni mwako", wazi, bila alama, kwa herufi kubwa za mabango. Seti za herufi kubwa huwa na vijiti vichache. Mstari ule unadai k nne, na yeye alikuwa nazo mbili. Akatazama kasha, akaona x zimelala hazina kazi, akazichomeka. Limetoka "kikulacho xi nguoni mwaxo".

Umelisoma bila shida, si ndiyo? Claude Shannon, katika kazi yake ya 1948 iliyoanzisha hesabu za habari, alieleza kwamba takriban nusu ya tunachoandika kwa Kiingereza hatukichagui wenyewe, muundo wa lugha ndio unaotuamulia. Ziada hiyo ndiyo inayotuwezesha kusoma risiti iliyofutika. Kiswahili nacho kina ziada yake, na bango hili linaionyesha vizuri kuliko slaidi zangu zote za semina. (Mdogo wangu alilisoma "mwaso", maana kizazi cha "xaxa" na "xana" kwenye meseji kinajua x ni s. Alicheka, akarekebisha mwenyewe.) Pia ni bango lenye uchungu. Methali inayosema adui yako yuko ndani ya nguo zako, na ndani ya nguo ya methali yenyewe wamo wageni wawili. Kijana aliniambia anaona aibu nalo, atalitoa. Nikamwambia akilitoa siji kwenye utetezi.

La kumi na moja amelitundika nyuma ya mlango, dogo kama daftari. Karatasi nyeupe, wino mwekundu, na x moja kubwa. Hakuna pindo wala jina. Herufi ambayo Kiswahili sanifu hakiihitaji, ambayo ukiigeuza juu chini inabaki ileile, ambayo kwenye kasha la mzee haikupata kazi. Kimara, Mbezi, mpaka Kiluvya, hakuna asiyeijua. Mwaka 2017 ilipakwa kwenye kuta za nyumba zilizokuwa pembeni ya Barabara ya Morogoro, kisha nyumba zikabomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Mtoto asiyejua kusoma a wala be aliijua x.

Kisanaa lina kasoro: amezidisha wino, kingo zimevimba, na karatasi ni nyembamba mno kwa mgandamizo ule. Alichape upya kwenye karatasi nene, liwe na ukubwa wa kanga, liwe la kwanza mtu akiingia. Yale tisa ayapunguze hadi mawili.

Nilimuuliza kwa nini kalificha nyuma ya mlango. Akasema siku alipolichapa alilianika nje kwenye kamba likauke. Mama mmoja jirani alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akamuuliza mama yake: "Wamekuja tena? Lini?"