Mvuvi Asiyeuza Samaki: Kumsoma Izaak Walton kutoka Carama

Methali mbili za samaki tuzitumiazo mno madarasani ni "Samaki mkunje angali mbichi" na "Samaki mmoja akioza, huoza wote". Walimu wenzangu na wazitazame: katika zote mbili samaki amekwisha toka majini. Katika ya kwanza yumo mikononi mwa mpishi. Katika ya pili yumo kikapuni, na harufu imeanza. Aliyemvua hayumo. Wala haumo ule muda mrefu wa kungoja, ambao kwa mtu aliyepata kuketi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na mshipi kidoleni ndio takriban shughuli yenyewe.

Upungufu huu haumo katika methali peke yake. Neno letu "mvuvi" ni jina la kazi, kama vile mhunzi au mfinyanzi. Mtu aendaye ziwani Jumamosi alasiri akiwa na ndoana mbili na chubwi mfukoni, asiye na nia ya kuuza kitu, hana jina lake. Tunalazimika kumwita mvuvi, naye huona haya kuitwa hivyo mbele ya wavuvi wenyewe. Katika fasihi yetu mvuvi aghalabu ni mvuja jasho anayepunjwa na mwenye nyavu, ama ni maiti iliyorudishwa na mawimbi. Si kosa. Uvuvi wa Tanganyika ni kazi ya usiku, ya taa na nyavu, na ndagala na mukeke waliopo masokoni Bujumbura wamevuliwa na watu waliokesha. Hata hivyo, ukingoni mwa ziwa hilohilo wapo wengine: karani mstaafu, fundi cherehani, watoto wenye fito, na mwalimu mmoja wa lugha. Hao wanavua kwa kuwa wanapenda. Nani amewaandika?

Katika kutafuta jibu nimekisoma, kamusi mkononi, kitabu cha Mwingereza Izaak Walton kiitwacho The Compleat Angler, yaani mvuvi wa ndoana aliyekamilika. Walton alizaliwa Stafford mwaka 1593, akafanya biashara ya nguo mjini London, akakitoa kitabu hiki mwaka 1653 akiwa na umri wa miaka sitini hivi. Hakuacha kukipanua. Katika chapa ya kwanza walikuwamo wazungumzaji wawili, mvuvi na msafiri. Katika ile ya 1655 wakawa watatu, mvuvi, mwindaji wa wanyama na mwindaji wa ndege, kila mmoja akiisifu burudani yake. Na katika ile ya 1676 rafikiye Charles Cotton akaongeza sehemu nzima juu ya kuvua kwa nzi wa bandia. Hadithi ni nyepesi mno. Watu wanakutana asubuhi ya mwezi wa Mei kaskazini mwa London, mwindaji anageuka kuwa mwanafunzi wa mvuvi, na kwa siku tano wanafuata mto Lea wakivua, wakila, wakiimba na kulala katika nyumba za wageni.

Tukianza na fani, mwalimu yeyote ataitambua upesi. Ni mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, mtindo uliotumiwa katika vitabu vya mafunzo tangu kale. Walton hakuubuni hata kwa somo hili. Katika miaka ya 1950 iligunduliwa nakala ya kitabu kidogo cha mwaka 1577, The Arte of Angling, nacho kina mvuvi na msafiri wanaozungumza vilevile, na ni dhahiri kwamba Walton alikichota. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemkata alama. Walton namsamehe, kwa sababu aliowachukua kama vinyago aliwatia pumzi. Mvuvi wake ana kiburi cha fundi, hupenda chakula, husahau alichokuwa akieleza, kisha hujirudi.

Hata hivyo lipo tukio moja ambalo siwezi kulikubali. Mvuvi anamwonyesha mwanafunzi kundi la samaki waitwao chub, wameelea chini ya kivuli cha mti. Anaahidi kumtoa mmoja tu, yule mkubwa kuliko wote, mwenye doa jeupe mkiani. Anatunga panzi kwenye ndoana, anakwenda, anarudi na samaki mwenye doa jeupe mkiani. Basi. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Huyu si mvuvi, ni mganga wa mazingaombwe. Aliyepata kushika mshipi anajua kwamba samaki unayemwona ndiye usiyemvua, na umvuaye ni yule ambaye hukumtaka, mdogo kama kidole, aliyeimeza ndoana hadi tumboni ili kukuharibia alasiri.

Ukweli wa burudani hii, kama niujuavyo mimi, ni mlolongo wa vikwazo vidogo. Unachimba nyungunyungu asubuhi, jua linawakausha kabla hujafika. Mshipi unajifunga fundo ambalo hukulifunga. Wadokozi wadogo wanakula chambo kwa ustadi, chelezo kinatikisika mara tatu, unavuta, ndoana inatoka safi kama iliyooshwa. Chubwi linanasa katika jiwe, au katika mfuko wa plastiki ambao kwa dakika nzima umejifanya samaki mkubwa. Jirani yako, aliyeketi hatua nne tu, anavua mfululizo. Wapita njia wanasimama nyuma yako, na mmoja lazima aulize: "Mwalimu, leo unavua maji?" Tangu mafuriko ya mwaka 2020 na yale ya 2024 mahali pengi tulipozoea kukaa palimezwa na ziwa, tukawa tunatafuta mawe mapya kama ndege waliobomolewa kiota. Na jua likizama sharti uondoke, kwa maana kiboko naye hupanda nchi kavu saa hizo, wala hapishani na mtu.

Je, Walton hakuyajua haya? Aliyajua, na hapa ndipo ninapomrudia kwa heshima. Kuna mahali, kati ya maelezo mengi ya chambo na mapishi, mwanafunzi anabaki bila kitu hali mwalimu wake anavua. Anashuku ufito. Anaomba wabadilishane. Wanabadilishana, na mwalimu anaendelea kuvua kwa ufito uleule uliolaumiwa. Sijasoma popote wivu wa ukingoni ulioelezwa kwa maneno machache hivyo. Baadaye mwanafunzi anamnasa samaki mzuri, mshipi unakatika, ndoana imekwenda na nusu ya uzi. Mwalimu anasikitikia samaki aliyepotea. Mwanafunzi anakataa: samaki hakupotea, asema, maana hakuwa wake bado. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kurasa bora ya kitabu kizima, na inafaa kusomwa darasani pamoja na swali la sarufi: hali gani ya kitenzi hutumika kwa samaki aliyekaribia kuvuliwa? Wanafunzi wangu walitoa majibu matano, na wawili nusura wagombane.

Mzee wa riwaya ya Hemingway ya mwaka 1952 hapati samaki kwa siku 84, nasi tunaingiwa na hofu kwa sababu kutopata kwake ni njaa. Kushindwa kwa mwanafunzi wa Walton si njaa. Ni kushindwa kudogo, kusiko na gharama, na ni vigumu kukuandika bila kuonekana mpuuzi. Mwandishi akikukuza, anadanganya. Akikupuuza, hana kitabu.

Najua swali litakalofuata, maana vyuoni tulifunzwa kuliuliza kabla ya yote: kazi hii ni ya tabaka gani, na burudani ya watu walioshiba inamhusu nini mkazi wa Kinama? Swali ni la haki. Lakini majibu mawili yananijia.

La kwanza limo katika kitabu chenyewe. Jioni mvuvi anakutana na mama akamaye ng'ombe na binti yake, anawapa samaki, na kuwaambia kwamba yeye hana desturi ya kuuza. Wao wanamlipa kwa nyimbo. Hapo Walton ametupa maana ya burudani hii bila kuisema: ni uvuvi ambao samaki wake hana bei. Jaribuni jambo hilo Bujumbura. Pita barabarani na tilapia mmoja aliyening'inia kwenye ugwe, na kabla ya hatua ishirini utaulizwa kiasi gani. Ukijibu kwamba huuzi, muulizaji anadhani unapandisha bei. Nimewahi kumpa mtu samaki bure akanitazama kwa mashaka, akamnusa.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1653 haukuwa mwaka wa walioshiba na kutulia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeitikisa Uingereza tangu 1642 hadi 1651, mfalme amekatwa kichwa mwaka 1649, na Walton alikuwa upande ulioshindwa. Baada ya mapigano ya Worcester mwaka 1651 yeye mwenyewe alishiriki kukificha kito cha mwana wa mfalme na kukifikisha London. Mtu huyo ndiye aliyeandika juu ya panzi na maua ya ugoni. Vita karibu havimo kitabuni. Wahakiki wengine wataona hapo woga au ukimbizi. Mimi ni mtu wa Carama, kaskazini mwa jiji letu, jirani na Kinama na Kamenge. Wanaoikumbuka mitaa hiyo mwaka 1995 hawana haja ya kuelezwa kwa nini, miaka ile, hakuna aliyekwenda ziwani kukaa tu. Mtu aliyekaa tu mahali alikuwa wa kutiliwa shaka. Hata baadaye alasiri ilikuwa fupi, kwa kuwa usiku haukuwa wetu; amri ya kutotembea usiku iliondolewa mwaka 2006. Kwa hiyo nimwonapo mzee aliyefumba jicho moja kwa sababu ya jua, chelezo chake cha kizibo hakitikisiki, siwezi kusema kwamba hafanyi kitu. Walton naye alipowaketisha watu wake chini ya ua wa miti mvua ikinyesha, wakizungumza tu mpaka ipite, alijua nchi yake imetoka wapi. Ninamlaumu kwa jambo moja: angetuacha tusikie walau mara moja mlio wa mbali, ili kimya chake kisikike kuwa kimya.

Juu ya sheria anafanya vizuri zaidi. Mvuvi wake analalamika juu ya watu wanaotumia nyavu haramu na wanaovua katika miezi iliyokatazwa, samaki wakiwa na mayai. Tanzania ilipolifunga ziwa letu kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, niliwasikia wenzangu wa ukingoni wakitoa hoja zilezile, pande zote mbili, kana kwamba wamekisoma.

Lakini sanaa moja ya wavuvi wetu Walton hakuifikia, nayo ni masimulizi ya aliyetoroka. Mvuvi wake ni mkweli mno. Kwetu aliyetoroka ana sheria zake za fani: msimulizi huanza na hali ya maji, hutaja shahidi ambaye hayupo, na huonyesha urefu kwa mkono juu ya mkono, si kwa mikono iliyotanuliwa, kwa kuwa mikono mitupu huongopa kirahisi. Mkubwa wa masimulizi hayo si samaki hata kidogo. Ni mamba Gustave wa Rusizi, ambaye Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumnasa mwaka 2002 kwa mtego mkubwa wa chuma asifanikiwe. Wamarekani walipotoa filamu yao mwaka 2007, Primeval, walimtengeneza mamba wa kutisha, wakapiga picha Afrika Kusini, na wakakosa jambo kuu. Hawakujua kwamba kila kinywa ukingoni kina Gustave wake, na kwamba anakua. Waliofiwa na ndugu majini hawamsimulii hivyo, na mbele yao wengine hunyamaza. Msimulizi hodari hutazama kwanza ni nani waliokaa.

Baada ya kukimaliza kitabu niliwaomba wanafunzi waandike insha juu ya siku ya kuvua. Wengi walivua samaki wakubwa, wakauza, wakanunua daftari. Msichana mmoja aliandika kurasa mbili juu ya kaka yake aliyerudi bila kitu mwaka ule petroli ilipokuwa adimu. Alitembea toka ziwani hadi Carama kwa miguu, na langoni akaulizwa na majirani wanne, mmoja mmoja, kikapu kina nini. Kwa wa kwanza alijibu, kwa wa pili alitabasamu, kwa wa tatu alisema samaki wako nyuma wanakuja. Jibu la nne hakuliandika.

Hapo niligundua kasoro ambayo sikuwa nimeiona nilipokisoma peke yangu. Watu wa Walton wanaagana njiani, karibu na Tottenham, mambo yamekwisha. Hakuna mmoja wao anayefika nyumbani, na katika siku zote tano hakuna mlango hata mmoja ambao nyuma yake mtu anangoja kuuliza.