Saa Iliyolala Stoo Miaka Kumi na Mitano

Jioni ya tarehe 29 Desemba 1996, watu milioni 24.3 nchini Uingereza walikaa mbele ya televisheni kuwatazama ndugu wawili wachuuzi wakizimia mnadani. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na watu wapatao milioni 58, kwa hiyo waliotazama walikuwa zaidi ya wanne katika kila kumi. Hakuna mfululizo wa vichekesho nchini humo uliowahi kuvuta umati wa namna hiyo.

Mfululizo wenyewe ni Only Fools and Horses, na sehemu iliyorushwa jioni hiyo iliitwa "Time on Our Hands". Ilikuwa ya mwisho kati ya tatu ambazo BBC ilizitenga kwa ajili ya Krismasi ya mwaka huo. Ndugu hao ni Del na Rodney Trotter wa Peckham, kusini mwa London, waliochezwa na David Jason na Nicholas Lyndhurst. Del ndiye mkubwa, mwenye minyororo ya dhahabu shingoni na vipande vya Kifaransa anavyovitumia ovyo. Huuza chochote kisicho na risiti. Tangu 1981 alikuwa akimwapia mdogo wake kwamba ikifika mwakani wakati kama huo, watakuwa mamilionea. Wanaishi juu kwenye jengo la manispaa liitwalo Nelson Mandela House. Jina hilo lilikuwamo tangu mwanzo, Mandela mwenyewe akiwa bado kifungoni.

Kipindi maalumu cha Krismasi ni mtihani wa pekee kwa mwandishi wa vichekesho. Watu wameshiba bata mzinga, bibi anasinzia, watoto wanagombania chokoleti, na baba mkwe hataki kusikia tusi. Tena muda ni mrefu: badala ya nusu saa aliyoizoea, mwandishi anapewa saa nzima au zaidi. Wengi huchukua utani wa nusu saa wakauvuta mpaka ukachanika, au wakawapeleka wahusika likizo ufukweni wakidhani mandhari yatawachekea. John Sullivan, aliyeandika kila neno la akina Trotter, aliutumia muda huo wa ziada kutembea polepole.

Sullivan alizaliwa Balham mwaka 1946, mtoto wa fundi bomba, akaacha shule akiwa na miaka 15. Alifanya kazi nyingi za mikono, mojawapo ikiwa kubeba na kupanga vifaa vya jukwaani katika studio za BBC, kabla hajafanikiwa kumfikishia mtayarishaji muswada wake wa kwanza. Alimpenda sana mwandishi Charles Dickens, na inaonekana katika alivyochanganya kicheko na kilio. Lennard Pearce, aliyecheza kama babu wa akina Trotter, alipofariki mwaka 1984, Sullivan hakumtafuta mwigizaji wa kuvaa viatu vyake. Alimzika babu ndani ya hadithi. Makaburini, Del na Rodney wakaitupa kofia ya marehemu juu ya jeneza kwa heshima zote, kisha ikagundulika kwamba kofia ile ilikuwa ya kasisi. Mtazamaji alicheka na machozi bado yako shavuni.

Katika zile tatu za 1996, sehemu inayokumbukwa na wote ni ile ya siku ya Krismasi yenyewe. Del na Rodney wanakwenda kwenye sherehe ya mavazi ya kuigiza. Kigari chao cha manjano cha magurudumu matatu kinawaharibikia njiani usiku. Milango inafunguka, na wanaoshuka ni Batman na Robin. Wanaamua kukimbia kwa miguu. Upande wa pili wa mtaa vijana wakabaji wamemzingira mwanamke, mara kutoka kwenye ukungu yanachomoza majitu mawili yenye makoti yanayopepea. Wakabaji wanatimua mbio. Mwandishi mwingine angeishia hapo na kuhesabu faida. Sullivan anawaacha mashujaa wake waendelee mpaka kwenye nyumba ya sherehe, waingie kwa kishindo wakiuimba wimbo wa Batman, na wakute watu wamevaa nguo nyeusi. Mwenyeji amefariki. Sherehe imegeuka matanga, na hakuna aliyewaarifu.

Ni kazi safi, lakini ufundi mkubwa zaidi umo ndani ya lifti.

Katika sehemu ya pili, Cassandra, mke wa Rodney, mimba yake iliharibika. Hospitalini Del alimsihi mdogo wake ajikaze asilie mbele ya mkewe, kisha wa kwanza kububujikwa akawa Del mwenyewe. Siku zikapita, Rodney hataki kulizungumza. Sehemu ya tatu inapoanza amejifunga kama chaza. Ndipo siku moja ndugu hawa wanapanda lifti ya jengo lao, nayo inakwama. Kwa miaka 15 watazamaji walikuwa wamezoea kuwa lifti ile ni mbovu, kwa hiyo hakuna anayeshuku lolote. Del anapiga soga, Rodney ananuna, halafu kidogo kidogo anafunguka. Anasema anavyoumia. Anaogopa kujaribu tena. Dakika kadhaa zinapita bila kichekesho cha maana, kitu ambacho mtayarishaji yeyote angekikemea usiku wa sikukuu. Rodney akishamaliza kusema, Del anaigusa mitambo na lifti inatembea. Ni yeye aliyeikwamisha.

Uzuri wake ni kwamba mtu anacheka na kuelewa kwa wakati mmoja. Udanganyifu ambao Del ameutumia maisha yake yote kuwauzia watu bidhaa mbovu, leo umetumika kumponya ndugu yake, na hakuna aliyehitaji kutueleza hivyo.

Baada ya hapo Sullivan anarudi kwenye mzaha bila kuomba radhi. Wazazi wa Raquel, mwenzi wa Del, wanakuja kula baada ya kutengana na binti yao kwa miaka mingi. Mzee Albert, ndugu wa marehemu babu anayeishi nao, anachanganya mikebe jikoni, na nyama inamwagiwa kahawa badala ya mchuzi. Baba yake Raquel ni mfanyabiashara wa vitu vya kale. Ni yeye anayeiona, katika gereji iliyojaa makorokoro ya Del, saa ambayo Del alidhani ni chombo cha kupimia muda wa kuchemsha mayai. Kumbe imetengenezwa na John Harrison, seremala wa Yorkshire wa karne ya 18, ambaye saa zake ziliwawezesha mabaharia kujua longitudo. Saa hiyo ya hadithini ni ya kubuni. Harrison mwenyewe ni wa kweli, na saa zake mashuhuri zimehifadhiwa Greenwich. Ile ya Del inauzwa mnadani kwa pauni milioni 6.2.

Utajiri, basi, ulikuwa umelala stoo tangu mwanzo wa hadithi, huku Del akihangaika barabarani. Na ukishapatikana, Del anaonekana peke yake katika nyumba tupu ya Nelson Mandela House, tajiri asiye na la kufanya asubuhi. Mwishoni Del, Rodney na Albert wanaondoka kwa miguu kuelekea machweo yaliyochorwa kama katuni, na Del anamwambia Rodney kuwa mwakani watakuwa mabilionea.

Hapo palitosha. Lakini mwaka 2001 BBC iliwarudisha, wakiwa wamefilisika baada ya soko la hisa kuporomoka, na watu zaidi ya milioni 21 wakafungulia televisheni siku ya Krismasi kuwaona wakirudi Peckham.