Wavuvi wa Vitshumbi Wamo, Lakini Hawasikiki

Filamu ya hali halisi *Virunga* (2014) ya Orlando von Einsiedel niliitazama hapa Biryogo, kwa rafiki yangu, chai ikitupoea mezani. Mama yake, aliyekulia Goma, alitazama nusu saa kisha akauliza: "Wanangu, hao wavuvi, watu wa mafuta wakishaondoka, wataachiwa ziwa wavue?" Tahakiki yangu inaanzia hapo.

Ujasiri wa filamu hii siubishii. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilikuwa ikitafutwa mafuta na SOCO, kampuni ya Uingereza. Mlinzi Rodrigue Katembo na mwandishi wa habari Mélanie Gouby wanarekodi kwa siri. André Bauma analea gorila yatima kama baba, na nakiri hapo nilifuta machozi. Mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi Aprili 2014, siku chache kabla ya onyesho la kwanza, akapona. Juni mwaka huohuo SOCO ikakubaliana na shirika la WWF kwamba itaacha kazi hifadhini ikishamaliza upimaji wake ziwani.

Lakini angalia nani anahesabiwa kuwa mtetezi: wanne hao niliowataja, basi. Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward, ndani ya hifadhi, na wako wavuvi wa huko waliopinga mafuta kwa sababu ziwa ndilo shamba lao. Kwenye filamu wamekuwa mandhari tu, pamoja na mitumbwi na samaki. Hadithi haimfuati hata mmoja wao kama inavyomfuata Bauma. Kiswahili chao tunakisikia pembeni. Hoja nzito zinasemwa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Mwenzangu darasani alinipinga: filamu moja haiwezi kubeba kila mtu, na bila kamera ya siri ushahidi ungetoka wapi? Kweli. Ila mvuvi anayepangiwa na hifadhi avue wapi na kwa mitumbwi mingapi, kisha akasimama kuitetea hifadhi hiyohiyo, ni mhusika mgumu kuliko shujaa yeyote. Von Einsiedel alikuwa naye mbele ya kamera, akampita.

Mama hakuimaliza filamu, alikwenda kupika. Nilipomfuata jikoni kumwambia kwamba SOCO waliondoka, aligeuza sufuria akauliza tena habari za wavuvi. Filamu haikuwa imenipa la kumjibu.