Inchi Tatu kwa Injini Ipi? Hesabu ya Bomba la Ekzosi

Ukiwauliza mafundi wa kuchomelea ekzosi, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, gari la mbio lifungwe bomba la ukubwa gani, majibu huwa mawili. Kuna watakaosema weka inchi 3, usijiulize mara mbili. Wengine watakuonya kwamba bomba kubwa huua nguvu, kwa sababu injini inahitaji presha ya nyuma. Jibu la kwanza ni sahihi kwa baadhi ya magari. La pili limesimama juu ya jambo la kweli lililoelezwa kinyume, na tuanze na hilo, maana ndilo linalowapotosha wengi.

Hakuna injini ya mipigo minne inayonufaika kwa kuzuiwa kutoa moshi. Presha inayorudi nyuma huilazimu pistoni kufanya kazi ya kusukuma gesi ambayo ingetoka yenyewe, na masalia ya gesi hiyo hubaki ndani ya silinda yakichukua nafasi ya hewa mpya. Kinachohitajika ni kasi. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi huchomoka kwa nguvu na kuacha nyuma yake sehemu yenye presha ndogo. Kwa muda mfupi mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, vali ya moshi na vali ya hewa huwa wazi kwa pamoja, na presha hiyo ndogo huivuta hewa mpya iingie hata kabla pistoni haijaanza kushuka. Mabomba manne yanayotoka kwenye silinda yakiwa mapana kupita kiasi, gesi hupoa na kupunguza mwendo, mvuto unalegea, na gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini. Mwenye gari husema amepoteza presha ya nyuma. Alichopoteza ni mwendokasi wa gesi.

Kwa hiyo swali la fundi liwe: ni gesi kiasi gani itapita hapa, ikiwa na joto gani, na kwa kasi gani? Hesabu yake haihitaji kompyuta.

Tuchukue Subaru Impreza WRX STI ya soko la Japani iliyotoka mwaka 2007, aina ya GRB, yenye injini ya EJ20 ya lita 2.0 na nguvu za farasi 308. Ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, injini ya turbo ya nguvu hiyo humeza hewa ya takriban gramu 220 kila sekunde. Ongeza petroli ya gramu 20, na gesi inayotoka ni kama gramu 240 kwa sekunde. Ikishapita kwenye turbo ikiwa na joto la nyuzi 700 hivi, gesi hiyo hutanuka na kujaza takriban lita 660, kila sekunde moja. Huo ndio mzigo ambao bomba linapaswa kuubeba.

Bomba la inchi 2.5 lenye ukuta wa milimita 1.5 lina kipenyo cha ndani cha milimita 60.5. Lita hizo 660 zitapita humo kwa mwendo wa mita 230 kwa sekunde. Bomba la inchi 3 lina milimita 73 ndani, na mwendo unashuka hadi mita 158. Tofauti ya milimita 12 na nusu inaonekana ndogo ukiitazama kwa macho, lakini kwa kiasi kilekile cha gesi, presha inayopotea kwa msuguano hufuata kinyume cha kipeo cha tano cha kipenyo. Maana yake, bomba la inchi 2.5 linapoteza presha zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la inchi 3. Ukienda inchi 3.5 unapunguza tena zaidi ya nusu, ila sasa unapunguza nusu ya kitu ambacho tayari ni kidogo, na bomba lenyewe linaning'inia chini ya gari likisubiri tuta la kwanza. Kwa STI ya farasi 300 hivi, inchi 3 ndiyo jibu, na aliyekushauri hivyo hakukosea.

Kosa linaanza pale jibu hilohilo linapohamishiwa kwenye Toyota Altezza. Injini yake ya 3S-GE haina turbo, na ile ya gia za mkono inatoa farasi 210. Gesi yake ni kama gramu 170 kwa sekunde, na kwa joto la nyuzi 650 inajaza lita 450 hivi. Ipitishe kwenye bomba la inchi 2.5 na utapata mita 156 kwa sekunde, karibu sawasawa na STI kwenye inchi 3. Mabomba mawili yenye vipenyo tofauti, kasi moja. Ukiifungia Altezza inchi 3, gesi inashuka hadi mita 107, unaongeza uzito na kelele, na hakuna farasi wa maana utakayempata. Mimi kwa Altezza ya barabarani ningeishia inchi 2.5, na fedha iliyobaki ningeipeleka kwenye heda, yaani yale mabomba yanayotoka kwenye silinda, iliyo nzuri na yenye mabomba ya urefu unaolingana, kwa sababu kwenye injini isiyo na turbo nguvu nyingi ya ekzosi huamuliwa kabla bomba halijafika chini ya miguu ya dereva.

Kwenye turbo mambo yamegawanyika katika sehemu mbili. Kabla ya turbo tunataka gesi ya moto, yenye kasi na presha, kwa hiyo mabomba ya hapo hayapanuliwi ovyo. Baada ya turbo tunataka njia iliyo wazi kadiri inavyofaa, kwa kuwa panka la turbo huzungushwa na tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma yake. Ukipunguza presha nyuma ya panka, turbo huamka mapema. Ndiyo maana kipande chenye faida kubwa kuliko vyote ni kile kifupi kinachoshuka kutoka kwenye turbo, ambacho mafundi hukiita daunipaipu.

Hapo ndipo naona fedha nyingi zikipotea. Mtu ananunua sailensa yenye mdomo unaoweza kuingia ngumi, anaifunga nyuma, na daunipaipu ya kiwandani inabaki vilevile na mikunjo yake. Gesi haina joto moja kuanzia mbele hadi nyuma. Kwenye daunipaipu ni nyuzi 700. Ikifika nyuma imepoa hadi, tuseme, nyuzi 400, na zile lita 660 zimesinyaa na kuwa 460 hivi. Kiasi hicho kwenye bomba la inchi 2.5 kinapita kwa mita 159 kwa sekunde, kasi ileile ya inchi 3 kule mbele. Kama bajeti inabana, upana uanzie kwenye turbo. Nyuma panaweza kuwa pembamba zaidi bila gari kujua.

Namna bomba linavyokunjwa ina uzito kama kipenyo chake. Mashine nyingi za mitaani hukunja bomba likiwa tupu ndani, na kila kona hubonyea upande mmoja. Mashine yenye kiini kinachoingia ndani ya bomba wakati wa kukunja huacha mviringo kamili, lakini si kila gereji inayo. Fundi asiyekuwa nayo anaweza kununua kona zilizokwisha kukunjwa vizuri na kuziunganisha kwa kuchomelea, na kazi hiyo nimeiona ikifanywa kwa ustadi mkubwa. Pitisha kidole ndani ya kila kiungo kabla hakijafungwa: kama mchomeleo umetokeza ndani au viungo havikutazamana, umelipia inchi 3 na kupewa pungufu.

Kuna suala la mwinuko ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuna budi kulihesabu. Presha ya hewa Nairobi ni takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu na hutoa gesi pungufu, kwa hiyo mwendokasi ndani ya bomba haubadiliki sana. Injini ya turbo ikiwekwa iingize uzito uleule wa hewa kama iliyoko pwani, gesi yake hutanuka zaidi kwenye hewa nyepesi ya juu, na zile mita 158 zinakaribia 190. Bomba lilelile linakuwa kama limepungua. STI ya Nairobi ina sababu nzuri zaidi ya kudai inchi 3 kuliko ya Tanga.

Mlio nao una wateja wake. Ule mngurumo wa Subaru unaojulikana mtaa mzima unatokana na mabomba ya manifoldi yenye urefu usiolingana. STI nyingi za Japani za miaka ya 2000 zilikuja na turbo ya njia mbili pamoja na mabomba yaliyolingana, na hazingurumi hivyo. Kuna wanaoyang'oa ili kupata mngurumo. Wanaliharibu jambo ambalo wahandisi walilifanyia kazi kwa makini ili turbo iamke mapema, na siwezi kulisifu.

Ukitaka kujua kama bomba ulilo nalo linabana, pima. Chomoa sensa ya oksijeni iliyo baada ya turbo, funga mahali pake kijibomba cha shaba chenye urefu wa kutosha kupoza gesi, na mwisho wake weka geji ya presha. Kanyaga hadi mwisho mahali salama, mwenzako akisoma geji. Chini ya psi 2, bomba halikudai kitu. Ikipanda mbali zaidi ya hapo, tafuta penye kizuizi kabla ya kununua chochote: mara nyingi ni katalisti iliyoyeyuka au kona iliyobonyea. Katalisti iliyokufa ibadilishwe kwa nyingine yenye matundu mapana, isitobolewe na kuachwa tupu, maana hewa ya miji yetu tunaivuta sote.

Na wewe mwenye turbo, hili lizingatie kuliko yote. Ukishafungua njia ya moshi, vali inayopunguza gesi kwenye turbo inaweza kushindwa kupitisha ziada, busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, ikapanda kupita ilivyopangwa huku mchanganyiko wa petroli ukibaki wa zamani. EJ20 zimevunja pistoni kwa njia hiyo, kwenye kingo nyembamba zinazoshika ringi. Usikubali gari litoke gereji na daunipaipu mpya kabla kompyuta ya injini haijapangwa upya na busti kupimwa kwenye gia ya juu.