Wapishi wa Isaka na Walaji Wao

Chakula cha vibandani Isaka kilianza kwa ajili ya watu wa safari. Mji huu wa mkoa wa Shinyanga umekaa kwenye tawi la Reli ya Kati litokalo Tabora kwenda Mwanza, ambalo lilifika ziwani mwaka 1928, na umaarufu wake wa leo unatokana na bandari kavu iliyofunguliwa mwaka 1999. Mizigo ya Rwanda na Burundi huja kwa treni kutoka Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita 1,000, ikashushwa hapo na kupakiwa kwenye malori yanayoshika njia ya Kahama, Ushirombo na Nyakanazi, yale ya Rwanda hadi mpaka wa Rusumo. Lori likisimama, wamesimama dereva, utingo, wakala wa mizigo na vijana wa kupakia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeondoka kwake na chakula. Kazi ya kuwalisha imebebwa na mama lishe: mwanamke mwenye kibanda cha mabati, mabenchi mawili matatu, masufuria meusi nje na meupe ndani, na jina linalojulikana barabarani kuliko jina la diwani.

Ustadi wa wanawake hao haukuanzia stesheni. Katika miji ya Wasukuma wa zamani wanaume na wavulana walikusanyika jioni kwenye shikome, mahali pa moto uani, wakala pamoja huku wazee wakifundisha. Chakula kililetwa hapo kutoka majikoni, na kila ugali ulikuwa na mwenyewe. Ugali wenye mabuje ulijulikana umesongwa na nani. Mlenda usiovutika, karanga zilizoungua, nsansa, mboga ya majani makavu, ambayo haikuchambuliwa vijiti vyake, yote hayo yaliliwa kimya kwa heshima, lakini aliyepika aliyajua kabla ya kulala, maana sahani ilirudi ikiwa na kitu. Mpishi alisoma sahani. Binti aliyekulia katika hali hiyo alijua tangu utotoni kwamba chakula kina watu wa kukipima, na alipofungua kibanda kando ya reli alikuja na hofu hiyo njema moyoni. Benchi la mama lishe wa kwanza lilikuwa shikome yenye wageni.

Siku ya kibanda huanza kabla ya alfajiri, kwa maharage. Hayo hulowekwa usiku, yakaanza kuchemka chukuchuku wakati vijana wa zamu ya usiku bado wako kwenye makasha. Chai, chapati na supu vinauzwa asubuhi, wala havina mengi ya kueleza. Chapati nzuri na mbaya hata mtoto anazitofautisha. Mtihani wa mpishi uko mchana, kwenye wali.

Mchele wa Kahama na Shinyanga hutoka kwenye majaruba ya udongo mweusi wa mbuga, na sifa yake ni harufu inayotangulia sahani. Harufu hiyo ni mali ya mchele, lakini kuitunza ni kazi ya mkono. Mpishi hodari hukaa na ungo mapajani, akiwa ameupa mgongo mwanga wa asubuhi ili punje zisimulike machoni. Hupepeta kwanza, pumba ziondoke. Kisha hutikisa ungo kwa mwendo mfupi wa upande, chenga zikakusanyika ukingoni, mchele mzima ukabaki kati. Mwisho hupitisha vidole, akisukuma punje chache chache, akitoa vijiwe vinavyofanana nazo kwa rangi na ukubwa. Hazungumzi sana wakati huo. Jiwe moja likipita, litamkuta dereva wa watu katikati ya tonge, na dereva huyo atalitaja Nyakanazi, atalitaja Rusumo, na wiki ijayo lori lake litaegeshwa mbele ya kibanda cha pili.

Baada ya hapo ni maji na moto. Hapa hakuna minazi, na wali wa Isaka haujifanyi wa Pwani. Unapikwa kwa mafuta kidogo, zamani mara nyingi ya mbegu za pamba, kwa kuwa hii ni nchi ya pamba, na siku hizi ya alizeti. Maji hupimwa kwa kidole juu ya mchele. Yakikauka, sufuria huepuliwa kwenye moto mkali, makaa yakatandazwa juu ya mfuniko, na wali ukapaliwa. Joto la juu na la chini hukutana katikati ya sufuria bila haraka. Anayejua hafunui kabla ya wakati, hata kama benchi limejaa na watu wanagonga meza. Wali uliopaliwa vizuri hausimami kama chungu cha mawe wala haurojeki: punje zinaachana zenyewe upawa unapoingia, na chini kuna ukoko wa rangi ya dhahabu ambao wateja wa siku nyingi huugombania. Mteja wa aina hiyo hasemi anataka nini. Akifika huambiwa, "Mjomba, nimekuwekea ukoko wako," na siku yake yote inanyooka.

Dagaa nao wana hukumu yao. Wanatoka Ziwa Victoria, na ubora wao huamuliwa ufukweni kabla ya kufika jikoni. Waliokaushwa juu ya chanja ni safi. Walioanikwa mchangani huja na mchanga, na mchanga huo hautoki kwa kuoshwa mara moja. Mpishi makini huwakata vichwa, huwaosha kwa maji ya moto na kubadilisha maji mpaka chini ya beseni pasibaki kitu, huwakaanga wakauke, ndipo huwaunga kwa kitunguu na nyanya. Kazi hiyo hula saa nzima kwa chakula cha bei ya chini kuliko vyote kibandani. Ndipo hapo tabia ya mpishi inapoonekana. Nyama inaweza kupikwa vizuri na mtu yeyote anayemwogopa mteja mwenye pesa, lakini anayeosha dagaa wa kijana wa kupakia mizigo mpaka maji yatakate amemheshimu mtu asiyekuwa na cha kumlipa zaidi.

Huduma ilipimwa kwa macho yaleyale. Mgeni aliingia, akasalimiwa kabla ya kuulizwa anakula nini. Kama ni Msukuma aliambiwa "mwangaluka", kama ametoka Kigali au Bujumbura aliitikiwa kwa Kiswahili cha taratibu. Binti akaja na birika la maji ya vuguvugu, beseni na sabuni, akaanza kunawisha kwa mkubwa wa umri, si kwa aliyevaa vizuri. Sahani ilifika kavu. Mchuzi uliongezwa bila malipo, na ombi lake lilikuwa fupi: "Mama, niongezee mchuzi." "Lete sahani, mwanangu." Upawa uliompakulia mwenye lori ndio uliompakulia utingo wake, kwa kipimo kilekile, na macho ya benchi zima yalikuwa yakiangalia kama mkono utatetereka. Vijana wa bandarini walikula kwa mali kauli, wakaandikwa kwenye daftari la shule lenye madoa ya mafuta, wakalipa mzigo ulipotoka. Kibanda kilichomdai mtu mbele za watu kilipoteza zaidi ya deni hilo.

Lakini wapishi hawa hawakuwa hodari kwa sababu ya roho nzuri peke yake. Walikuwa na walaji wanaojua. Dereva wa njia ya Rusumo alipita Isaka tena na tena, mwaka hadi mwaka, na kila alipokaa alilinganisha. Alijua maharage ya jana yaliyopashwa moto kwa ladha ya uchachu iliyokaa nyuma ya ulimi, hata yakiungwa upya kwa nyanya nyingi. Alijua mchuzi uliorefushwa kwa maji. Na alisema. Alisema kwa adabu, mara nyingi baada ya kulipa na kunawa, akiwa amesimama ili asimwaibishe mtu mbele ya wageni: "Leo maharage yamekutupa, mama." Mama aliyeambiwa hivyo hakununa. Alijitetea kidogo, akalalamikia kuni, kisha kesho yake akaamka mapema zaidi. Maneno kama hayo ndiyo yaliyokuwa shule yake, na hakuna cheti cha afya wala aproni ya sare ya halmashauri inayoweza kushika nafasi yake, ingawa vyote viwili vina faida.

Tofauti inaonekana wazi zaidi upande wa dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha mwaka 2001, ule wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulizalisha kuanzia mwaka 2009 hadi 2021, na migodi mikubwa ya namna hiyo huwalisha wafanyakazi wake katika kantini za ndani. Wanaobaki kwa mama lishe ni wachimbaji wadogo na vijana wa makarasha ya kusagia mawe, kutoka Kahama mpaka Geita, watu wanaohama pindi wakisikia dhahabu imetoka mahali pengine. Hao hulisha familia nyingi za wapishi na wanastahili shukrani. Hata hivyo aliyeuza dhahabu leo haulizi chumvi imekolea kiasi gani, na aliyekosa hana nguvu ya kuuliza. Mpishi anayewauzia watu ambao hatawaona tena mwezi ujao hana wa kumrekebisha, na mkono wake hulegea hata kama moyo wake haujalegea.

Ulegevu huo sasa umefika Isaka. Chipsi mayai zimechukua nafasi ya wali wa jioni kwa sababu hazihitaji kusubiriwa, na mafuta yake hurudiwa mpaka yanakuwa meusi bila mtu kuinua sauti. Mchuzi unakolezwa kwa unga wa paketi unaofanya nyama, kuku na maharage kunukia kitu kimoja. Kwa miaka mingi masufuria ya wali yalifunikwa kwa mifuko ya nailoni ili mvuke usitoke na makaa yasitumike mengi, na walaji wakala wakijua. Iliyoikomesha mifuko ni marufuku ya Serikali ya Juni 2019, si ulimi wa mteja. Hilo ni la kusikitisha kuliko mifuko yenyewe. Siku hizi chakula kikiwa kibaya, mlaji huinamia simu yake, humaliza nusu, huacha pesa mezani na kuondoka. Mpishi huiona sahani yenye nusu, lakini wateja ni wengi na wapya kila siku, na sahani kama hiyo haisomeki tena kama ilivyosomeka kwenye shikome.

Si kila badiliko ni hasara, na haki inataka lisemwe. Ndoo ya koki iliyoenea wakati wa Korona mwaka 2020 ni safi kuliko beseni moja lililozunguka benchi zima, ingawa imeondoa ile desturi ya binti kumnawisha mkubwa kwanza. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034, na mitungi ya gesi imekuwa ikigawiwa kwa mama lishe. Mwanamke aliyetokwa machozi ya moshi miaka ishirini anastahili mtungi huo. Shinyanga pia inajua gharama ya kuni: mkoa huu ulikaribia kuwa jangwa kabla ya mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986 kuwarudisha watu kwenye ngitili, malisho na misitu inayotengwa ili ipumzike. Ila gesi haina makaa ya kuweka juu ya mfuniko. Wanaopika wali kwa gesi wanatafuta namna nyingine ya kuupalia. Wapo wanaochota makaa machache kwenye jiko la jirani, na wapo walioacha kabisa, na wali wao unaiva chini ukabaki na kiini juu.

Hata ungo unaondoka. Mashine za kupanga madaraja ya mchele, zilizo nyingi sasa Kahama, hutoa mawe na chenga kwa dakika, na mchele huja kwenye mfuko ukiwa tayari. Meno ya madereva yamepona. Ila binti wa kibandani alikuwa akianzia kwenye ungo: mwaka mzima wa kuchagua mchele, kisha kuosha dagaa, kisha maharage, na alipokabidhiwa upawa alikuwa amejifunza kutazama kitu kidogo kwa subira. Leo anaajiriwa mwanzoni mwa mwezi, anapewa upawa siku hiyohiyo, na mwisho wa mwezi amehamia duka la miamala ya simu.

Kilichobaki ni suala la reli. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ulizinduliwa Juni 2021, na kipande cha Tabora hadi Isaka nacho kimo katika mpango huo. Mizigo itakuja kwa wingi na kwa kasi, na treni za kasi hazisimami penye harufu ya wali. Wapishi wa stesheni ndogo za reli ya zamani walikwisha kuliona hilo kila huduma ya abiria ilipopungua: treni ikisita kuja, sufuria la mwisho huuzwa kwa majirani kwa bei ya hasara. Kwa vibanda vya Isaka mambo yatategemea malori, kwamba yataendelea kupakia hapo kwenda Rusumo au la, na yatategemea pia kama bado watakuwapo madereva wanaosimama baada ya kunawa wakamwambia mpishi ukweli kuhusu maharage yake.