"Baada ya mwaka ni sawa tu": utafiti mzuri wa diski, muhtasari mbovu

Mtu wa Levolosi akishaambiwa diski imetoka, swali linabaki moja: nipasuliwe au nisubiri? Utafiti unaotajwa sana hapa ni wa Wilco Peul na wenzake wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2007 katika New England Journal of Medicine. Nimeurudia kuusoma. Utafiti wenyewe ni mzuri. Kinachopotosha ni muhtasari wake unaozunguka.

Tuanze na walichofanya. Diski hukaa kati ya pingili za mgongo, na katikati yake ni laini. Ganda likichanika, ile sehemu laini hutokeza na kubana mshipa wa fahamu, ndiyo maana maumivu hushuka mguuni. Wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya aina hiyo kwa wiki 6 hadi 12 waligawanywa kwa kura. 141 walipangiwa kupasuliwa mapema na kutolewa kipande kinachobana. 142 walipangiwa kusubiri, wakipewa ushauri na dawa za maumivu. Baada ya mwaka, makadirio ya kupona yalikuwa asilimia 95 kila upande. Basi, watu wakahitimisha: ni sawa tu.

Nina ubishi wa aina mbili.

Kwanza, muda. Katika kundi la upasuaji, nusu walijiona wamepona ndani ya wiki 4 hivi. Kundi la kusubiri lilifika hapo baada ya wiki 12. Kwa mwajiriwa wa Uholanzi, wiki 8 za tofauti ni likizo ya ugonjwa yenye malipo. Kwa mbeba mizigo wa Soko la Kilombero ni kodi ya chumba na unga wa nyumbani. Huwezi kuziita "sawa".

Pili, neno "kusubiri". Kati ya wale 142, watu 55, yaani asilimia 39, waliishia kupasuliwa ndani ya mwaka huo, kwa wastani baada ya wiki 18.7. Nao wamo kwenye ile 95. Kwa hiyo hawakulinganisha kupasuliwa na kutopasuliwa. Walilinganisha kupasuliwa sasa na kusubiri huku mlango wa upasuaji uko wazi. Kwa anayepewa rufaa kutoka Arusha hadi MOI, Muhimbili, zaidi ya kilomita 600, mlango huo una nauli, malazi na bili.

Lakini usikimbilie kuuza shamba. Asilimia 61 ya waliosubiri hawakuguswa na kisu mwaka huo, na hilo ni jambo kubwa. Tena wote walikuwa na maumivu ya mguu. Kama kinachokuuma ni kiuno peke yake, namba hizi hazikuhusu.

Na kuna ambao hawakuingizwa kabisa kwenye kura, kwa sababu wao hawapaswi kusubiri. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, nenda hospitali leo leo.

Wengine, muulizeni daktari swali ambalo muhtasari umelificha: nikisubiri na nisipate nafuu, nitapasuliwa wapi, lini, na kwa gharama ya nani?