Breki Zinazolia Parkdale: Chumvi, Pini na Pedi ya Ndani

Chukua gari la miaka mitatu linalopiga mluzi kila linapopunguza mwendo kwenye Queen Street West, Parkdale, Toronto. Mwenye gari ananunua pedi mpya, mluzi unanyamaza, na kabla ya mwaka kuisha unarudi kwenye gurudumu lilelile. Pedi zilikuwa zimeisha kweli, ila hakuna aliyeuliza kwa nini ziliisha upande mmoja.

Uchunguzi uanze kabla ya jeki: kelele inasikika wakati gani? Mkwaruzo wa asubuhi unaokwisha baada ya kukanyaga breki mara kadhaa ni kutu nyepesi tu, kwani diski nyingi ni za chuma cha kusubu na unyevu wa usiku mmoja unazitosha. Mngurumo mfupi mara gari linapoanza kuondoka huenda ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu kufunga, inajipima. Mvumo unaopanda pamoja na mwendo, hata bila kugusa breki, na kubadilika ukikata kona, unaelekeza kwenye beringi. Kugonga kwenye mashimo kunatafutwa kwenye bushi, viungo vya chini na shokapu. Pedeli ikitetemeka unapofunga breki, mara nyingi unene wa diski haulingani.

Mluzi wa gari letu ni mwembamba na mkali. Pedi nyingi zina kibati cha tahadhari kinachogusa diski na kulia hivyo zikibaki milimita 2 au 3 hivi. Lakini ukichungulia kati ya mikono ya rimu, pedi ya nje inaonekana nene. Hapo ndipo wengi hukosea. Gurudumu litolewe, pedi zote mbili zipimwe. Ikiwa ya nje ina milimita 7 na ya ndani 2, mtuhumiwa ni kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski.

Kwenye kalipa lenye pistoni upande mmoja, pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa lote huteleza juu ya pini na kuvuta pedi ya nje. Pini zikiganda, mzigo huielemea pedi ya ndani. Toronto barabara humwagiwa chumvi kila msimu wa baridi. Maji yake hupenya mpira wa pini uliochanika, grisi huharibika, kutu hushika. Mwendo wa Parkdale nao unachangia. Sheria ya Ontario inadai gari lisimame angalau mita 2 nyuma ya mlango wa tramu inayopakia au kushusha abiria, kwa hiyo breki hukanyagwa mara nyingi lakini taratibu, na kutu haikwanguliwi vizuri. Magari ya haibridi na ya umeme huathirika zaidi, maana mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, pedi zikikaa bure.

Matengenezo kamili ni kuchomoa pini, kuzisafisha, kubadili mipira iliyochanika, kupaka grisi maalumu ya breki, kusugua kutu pale masikio ya pedi yanapokaa, na kupima diski dhidi ya unene wa mwisho uliowekwa na mtengenezaji. Kwa handibreki ya umeme, mfumo uwekwe kwanza katika hali ya matengenezo. Pistoni ikisukumwa kwa nguvu, gia za handibreki hiyo huweza kuvunjika. Kabla ya kuondoka, pedeli ikanyagwe hadi iwe ngumu.

Gari likivuta upande, pedeli ikizama au gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, lisiendeshwe tena hadi fundi alikague.

Ontario haidai ukaguzi wa kila mwaka kwa gari binafsi. Cheti cha usalama hutakiwa zaidi gari linapouzwa. Jukumu limebaki kwa mwenye gari. Matairi ya baridi yanapotolewa, magurudumu tayari yamefunguliwa: mwombe fundi asukume pini kwa mkono, akuandikie kipimo cha pedi ya ndani na ya nje kwa kila gurudumu. Vipimo viwili vya gurudumu moja vikiachana sana, usilipie pedi kabla pini hazijafunguliwa.